Maswali ya Anga Kutoka Kando ya Ziwa

Maswali ya safari hii yametoka Mwanza na jirani zake. Naanza na lile lililoulizwa na wengi.

Alfajiri tukiwa ziwani tuliona taa nyingi angani, zimepangana mstari mmoja na zinakwenda kimyakimya. Ni nini zile? (Mvuvi, Igombe)

Kwa maelezo yako, hizo ni satelaiti za intaneti za Starlink, tena zilizorushwa karibuni. Roketi moja hubeba makumi kwa mpigo na kuziachia pamoja, nazo huchukua muda kutawanyika na kupanda hadi kilomita 500 hivi juu yetu. Hazijawashwa taa. Mnachokiona ni mwanga wa jua: huku chini bado giza, kule juu jua limeshazifikia. Ndiyo maana huonekana jioni jua likishazama, au kabla ya kupambazuka, si usiku wa manane. Mkiona nuru moja peke yake, kali, isiyopepesa, inayokata anga kwa dakika chache, huenda ni Kituo cha Kimataifa cha Anga. Hicho kina watu ndani, na huizunguka dunia nzima kwa dakika 90 hivi.

Ni kweli Kiswahili kimo kwenye ile sahani ya dhahabu iliyotumwa angani? Tumebishana kijiweni hadi tukakosana. (Fundi simu, Nyakato)

Hakimo. Vyombo viwili vya anga vya Marekani, viitwavyo Voyager, viliondoka duniani mwaka 1977, kila kimoja kikiwa na santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye picha, muziki na salamu za lugha 55. Kisumeri kimo, Kihiti kimo, lugha ambazo zimekosa wasemaji kwa maelfu ya miaka. Kinyanja na Kisotho pia vimo. Kiswahili hakuna, na mimi jambo hilo linaniuma hadi leo.

Lakini aliyesema ukanda wetu umesahaulika kabisa naye hakupata. Kiganda kimo, lugha ya jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, na salamu yake inawaombea watakaoisikia amani ya Mungu siku zote. Umo pia wimbo wa wasichana wa Kimbuti kutoka msitu wa Ituri, Kongo. Voyager 1 ilitoka nje ya eneo linalotawaliwa na upepo wa Jua, yaani chembe zinazotiririka kutoka kwenye Jua, Agosti 2012, na hakuna chombo cha binadamu kilichofika mbali kama hicho. Kwa hiyo Kiganda kimeshatangulia. Pataneni.

Sisi tuko karibu na ikweta. Kwa nini tusijenge kituo cha kurushia roketi Ukerewe? (Mwalimu, Bunda)

Hoja ya ikweta ni ya kweli, mwalimu. Dunia inavyojizungusha, aliyesimama ikweta anakwenda mashariki kwa kilomita 1,670 kwa saa bila kuchoma hata tone la mafuta. Roketi inahitaji kama 28,000 ili mzigo wake ubaki angani, hivyo hiyo ni zawadi ya bure.

Kinachotukwamisha ni mashariki yetu. Roketi huachia vipande vyake vilivyokwisha mafuta, na vipande hivyo huangukia mamia ya kilomita mbele. Ukirusha kutoka Ukerewe kuelekea mashariki, mbele yako kuna Bunda, kuna Serengeti, kuna vijiji na mifugo. Wenzetu hutafuta pwani yenye bahari upande huo, kama Kourou kule Guyana ya Ufaransa.

Na Afrika Mashariki imeshafanya kazi hii! Waitalia walikuwa na jukwaa liitwalo San Marco, baharini karibu na Malindi. Hapo ndipo iliporushwa satelaiti ya Marekani, tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei zitokazo angani, na vipimo vyake vilisaidia kuitambua Cygnus X-1 kuwa shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali hata mwanga hauponyoki. Wanafunzi wako wanastahili kuijua habari hii kabla hawajamaliza shule.

Mbona kwenye filamu vyombo vikilipuka angani tunasikia kishindo? (Mwanafunzi, Sengerema)

Ni chumvi ya watengeneza filamu. Sauti inahitaji kitu cha kupitia, na kule hakuna hewa. Wanaanga wawili wakiwa nje huongea kwa redio. Redio ikifa, wagusanishe kofia zao na sauti itapita humo.

Naandika hadithi ya wavuvi wa dagaa wanaohamia Titan, ule mwezi wa Zohali wenye maziwa. Mtumbwi wetu utaelea kule? (Mwanachuo, Nyegezi)

Swali hili nimelipenda kuliko yote. Maziwa ya Titan ni ya methani na ethani, gesi za kuwaka ambazo kule ni kimiminika kwa baridi ya nyuzi 179 chini ya sifuri. Kubwa kuliko yote, Kraken Mare, lina kilomita za mraba 400,000 hivi, karibu mara 6 ya Ziwa Victoria. Lipo na dogo lililopewa jina la Ziwa Kivu.

Mtumbwi utaelea, ila utadidimia zaidi ya mara mbili, kwa sababu methani ina uzito chini ya nusu ya maji. Usitegemee kwamba mvutano wa kule ni kama sehemu moja ya saba ya wetu; unaupunguzia uzito mtumbwi na methani kwa kiasi kilekile. Mtumbwi uliopakiwa Igombe ukabakiza shubiri moja juu ya maji, kule unafunikwa. Ongeza mbao za ubavuni. Na kasia la mti mzito likimponyoka mtu, limezama hilo.

Karabai hazitawaka: hewa ni nitrojeni na methani. Na mambo ya injini yatakuwa kinyume. Hapa tunabeba petroli na kuvuta oksijeni hewani. Kule mafuta yamejaa ziwa zima, kinachobebwa ni mitungi ya oksijeni.

Halafu kuna giza. Wavuvi wa dagaa hapa hupumzika siku za mbalamwezi, maana taa zao huvuta dagaa vizuri gizani. Bahari za Titan ziko upande wa ncha ya kaskazini, na majira ya baridi yakiingia, jua halichomozi huko kwa miaka. Mimi ningeanzia hapo sura ya kwanza: giza ndiyo limeingia, kambi nzima inataka kushusha mitumbwi, na mitungi haiwatoshi wote.