Kwa wewe unayeanza kuwasoma Wapuritani wa New England

Insha yangu ya kwanza juu ya Wapuritani, wale Waprotestanti wakali wa Uingereza waliohamia Marekani ya kaskazini-mashariki katika karne ya 17, ilirudi na mstari mmoja wa wino mwekundu: "Unasema walisoma Biblia neno kwa neno. Neno lipi, na kwa faida ya nani?" Nilinuna wiki nzima. Nilikuwa nimekesha, nimejaza kurasa kumi na mbili, na kila ukurasa ulirudia lile lile: watu hawa waliishika Biblia kama kitabu cha sheria, wakaifuata ilivyo, basi. Muhula ulikuwa unakaribia kwisha nilipoelewa kosa langu liko wapi. Nakuandikia wewe unayeanza ili muhula wako usiende hivyo.

Wao wenyewe wangekubaliana nami nusu tu. Mwalimu wao mkubwa, William Perkins wa Cambridge, alifundisha kwamba andiko lina maana moja, ile iliyo wazi. Lakini kwake hapo ndipo kazi inapoanza. Kitabu chake cha kufundisha kuhubiri kilitoka kwa Kilatini mwaka 1592, kikatoka kwa Kiingereza 1607, na wachungaji wa koloni walilelewa nacho. Soma andiko, lieleze kwa kulilinganisha na maandiko mengine, toa fundisho, kisha lishushe kwenye maisha ya wanaokusikiliza. (Angalia jina la kitabu hicho, The Arte of Prophecying, lisikuponze. Lina neno ambalo ukilifasiri harakaharaka utaandika "unabii", na msomaji wako atasubiri utabiri usiokuwepo. Kwao neno hilo lilimaanisha kuhubiri.)

Ukifungua mahubiri ya Boston ya karne ya 17 utaiona mifupa hiyo hiyo: andiko, fundisho, sababu, matumizi. Mimi nilikuwa nasoma fundisho kwa makini, nikifika kwenye matumizi nachoka na kuruka, maana hapo mahubiri hurefuka kama safari ya treni. Usiruke. Kwenye matumizi ndipo mhubiri anapotoka Yerusalemu na kuingia mtaani kwake, na ndipo utakapojua anamsema nani.

Swali ambalo ningepaswa kuanza nalo ni hili: katika habari hii ya kale, msomaji anajiweka mahali pa nani? Mwaka 1630 mchungaji John Cotton aliwahubiria kule Southampton watu waliokuwa wanapanda meli kwenda Massachusetts. Alichukua 2 Samweli 7:10, Mungu akiahidi kuwapanda Israeli mahali pao wenyewe. Kila neno la aya hiyo alilieleza vizuri. Lakini mzigo mzima umebebwa na jambo ambalo aya haisemi, kwamba Waingereza hawa wanaweza kusimama mahali pa Israeli. Ukilikosa daraja hilo, umekosa kila kitu.

Daraja lenyewe lina jina katika elimu yao, kwa Kiingereza "type", na hapa Kiswahili kitakutega. Wao walitenga vizuri mtu au tukio la Agano la Kale linalotangulia kumwonyesha Kristo, kama Adamu, Yona au mwana-kondoo wa Pasaka. Biblia yetu ya Union huliita jambo hilo "mfano": Adamu ni "mfano wake yeye atakayekuja" katika Warumi 5:14. Lakini mfano ni pia habari ya mpanzi na mbegu, na ni pia mfano wa kawaida tunaoutoa darasani. Nimesahihisha kazi za wanafunzi ambamo neno hilo moja lilibeba maana tatu katika aya moja, na mwandishi mwenyewe hakujua alipotea wapi. Siku hizi naandika "kivuli", kwa kufuata Waebrania 8:5, penye mfano na kivuli pamoja. Chagua lako, ila ukishachagua usilibadilishe njiani.

Sasa mtazame mchungaji Roger Williams, maana yeye ndiye aliyenifumbua macho. Mahakama ya Massachusetts iliamuru afukuzwe mwaka 1635, akaondoka katika baridi ya mwanzo wa 1636 na kuanzisha Providence. Vitabu vingi vya shule vitakwambia alikuwa mtu wa kisasa aliyezaliwa kabla ya wakati wake, mpenda uhuru wa dini asiyejali sana maandiko. Usikubali. Williams alikuwa mkali wa maandiko kuliko waliomfukuza. Hoja yake ilikuwa kwamba taifa la Israeli lenyewe lilikuwa kivuli. Kristo alipokuja, kivuli kilitimia katika kanisa lililotawanyika kati ya mataifa yote, na tangu hapo hakuna nchi, iwe Uingereza au Massachusetts, inayoweza kudai kiti kile. Basi upanga wa wafalme wa Yuda dhidi ya waabudu sanamu hauwezi kurithiwa na hakimu wa Boston.

Yeye na Cotton waligombana kwa maandishi, Williams akichapisha kitabu chake kikuu 1644 na Cotton akijibu 1647. Soma hasa wanapofika kwenye magugu ya Mathayo 13. Bwana anasema magugu yaachwe yakue pamoja na ngano hadi mavuno. Cotton anasema magugu ni wanafiki ndani ya kanisa, wanaofanana na ngano hata huwezi kuwang'oa bila hasara, kwa hiyo aya haimkingi mzushi wa wazi. Williams anamjibu kwa aya ya 38, pale Yesu mwenyewe anapoeleza: lile konde ni ulimwengu. Ulimwengu, si kanisa. Haya niambie, ni nani hapo anayesoma neno kwa neno? Mimi nilipofika pale niliitoa insha yangu ya zamani ndani ya begi nikaichana.

Anne Hutchinson, mwanamke wa Boston aliyeshtakiwa kwa mafundisho yake, nitampitia haraka kwa sababu utaandikiwa mengi juu yake. Kesi yake ya Novemba 1637 isome kwenye kumbukumbu zenyewe, usiishie kwenye muhtasari. Gavana Winthrop anamuuliza anafundisha watu nyumbani kwake kwa idhini gani. Yeye anatoa Tito 2, wanawake wazee wawafundishe vijana. Kwa kurasa nyingi anawashinda wanaume wasomi kwa maandiko yao wenyewe. Kilichomwangusha ni kusema kwamba Mungu alimfunulia moja kwa moja, na alipoulizwa alijuaje, akauliza Abrahamu naye alijuaje.

Jambo la kikazi zaidi: soma Biblia waliyoisoma wao. Walikuwa na Biblia ya Geneva ya 1560, iliyojaa maelezo pambizoni, na baadaye ile ya Mfalme James ya 1611. Ukichukua Union na kudhani ni maneno yale yale utajikwaa. Mfano wangu ni Samuel Sewall, mmoja wa majaji wa kesi za uchawi za Salem mwaka 1692, ambako watu 19 walinyongwa na mzee mmoja akafa kwa kukandamizwa na mawe. Desemba 1696 mwanawe alikuwa anamsomea Mathayo 12 kwa Kilatini, na shajara ya Sewall inasema aya ya 7 ilimrudishia kwa kishindo msiba wa Salem. Nilifungua Union: "msingaliwalaumu wasio na hatia." Kulaumu? Jaji mzima anatetemeka kwa kulaumu? Kwenye Kilatini cha mtoto na Kiingereza cha baba neno ni kuhukumu, neno la mahakamani, kazi yake mwenyewe. Ndiyo maana lilimchoma.

Wiki chache baadaye, tarehe 14 Januari, siku ya mfungo, Sewall alisimama kanisani mbele ya watu huku mchungaji akisoma karatasi ya kukiri kwake. Hapa niliaibika tena. Katika kitabu kimoja niliona Januari 1696, nikaandika kwa kujiamini kwamba alikiri miezi kumi na moja kabla ya mwanawe kusoma ile aya, na nikajenga hoja nzuri juu yake. Mwaka wao ulianza tarehe 25 Machi. Januari yao bado ilihesabiwa mwaka uliopita, hivyo Januari 1696 ya huko ni 1697 yetu. Wengi wao hata majina ya miezi waliyakwepa kwa sababu ya asili yake ya kipagani, wakaandika "mwezi wa kwanza", nao ni Machi. Bandika hilo juu ya meza yako.

Ukiwa bado Salem, usiishie Kutoka 22:18, ile ya kutomwacha mchawi aishi. Aya hiyo karibu hakuna aliyeibishia. Ubishi ulikuwa juu ya ushahidi, maana mashahidi walidai kuona sura ya mshtakiwa ikiwatesa: shetani anaweza kuvaa sura ya mtu asiye na hatia? Mchungaji Increase Mather wa Boston alirudi kwa yule mwanamke wa Endori aliyempandishia Sauli nabii Samweli aliyekufa, katika 1 Samweli 28. Kama aliyeonekana kwa sura ya Samweli alikuwa shetani, basi sura ya nabii iliazimwa, na ya jirani yako je? Kwa sisi tunaotoka kwenye nchi ambako vikongwe bado huuawa kwa tuhuma za uchawi, kurasa hizo hazisomeki kwa utulivu.

Kuhusu wenyeji wa nchi, utakutana na mambo mazito. Kapteni John Underhill alipoulizwa juu ya watoto na wanawake wa Wapequot, moja ya makabila ya wenyeji, waliochomwa moto kijijini kwao Mystic mwaka 1637, alimwelekeza msomaji kwenye vita vya Daudi. Utakutana pia na mchungaji John Eliot, aliyeupanga mji wa wenyeji waliobatizwa wa Natick kwa wakuu wa makumi na mamia kama Kutoka 18, na aliyetoa Biblia nzima kwa lugha ya Wamassachusett mwaka 1663. Jina la Eliot ndilo linalotajwa, lakini bila wenyeji wawili, Job Nesuton katika kutafsiri na James Printer katika kupanga herufi kiwandani kitabu hicho kisingetoka. Sisi tuliopokea Biblia ya Kiswahili kwa majina ya Krapf na Steere tunapaswa kuwa wepesi kuuliza nani mwingine alikuwa mezani.

Ukiniuliza uanzie wapi kesho asubuhi, anza na vijitabu viwili vifupi vya Boston. Cha kwanza ni cha Sewall huyo huyo, mwaka 1700, dhidi ya utumwa, akimtumia Yusufu aliyeuzwa na ndugu zake na Kutoka 21:16, aibaye mtu auawe. Anaigusa pia laana ya Hamu, ambayo kwetu bado utaisikia vijiweni, akikumbusha kwamba aliyelaaniwa katika maandiko ni Kanaani. Cha pili ni cha John Saffin, 1701, mfanyabiashara na jaji aliyekuwa na mtumwa aitwaye Adam na kukataa kumpa uhuru aliomwahidi. Yeye anajibu kwa Abrahamu na watumwa wake na Walawi 25, ruhusa ya kununua kutoka mataifa ya jirani. Weka pembeni sheria za Massachusetts za 1641: utaona Kutoka 21:16 imenukuliwa kama sheria ya kifo, na kifungu kingine, katika waraka huo huo, kinaruhusu kumiliki wageni "waliouzwa kwetu". Pigia mstari kila mahali mwandishi anaposema "sisi" na kila anaposema "mgeni". Adam aliachiwa huru na mahakama mwaka 1703. Vijitabu vyote viwili utavimaliza kabla ya chakula cha mchana.