Tupange stoo kabla msimu haujageuka

Mhariri, juma hili mmetuuliza kabati la vyakula jikoni lipangwe mara ngapi kwa mwaka. Mimi nasema lipangwe kila msimu unapokaribia kugeuka, kwa sababu kinachoharibu chakula kikavu wakati wa unyevu ni tofauti na kinachokiharibu wakati wa joto.

Mvua zikikaribia, anza na vinavyovuta maji. Chumvi hulowa unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75 hivi; sukari na maziwa ya unga nayo hushikana madonge. Hivyo vihamie kwenye vyombo vyenye vifuniko vinavyobana. Ila karanga na mahindi ndivyo vinavyonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa vikipata unyevu huota ukungu, na baadhi ya ukungu huo hutoa sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Punje zilizobadilika rangi au zinazonuka uvundo tupeni jamani, hata kama roho inauma.

Joto lina mambo yake. Unga usiokobolewa una kiini cha nafaka chenye mafuta, kwa hiyo huharibika mapema kuliko unga mweupe. Nunua kidogo kidogo miezi hiyo. Mafuta ya kupikia yaondoke karibu na jiko, yakae gizani.

Halafu kuna fukusi. Watu hulaumu kifuniko, kumbe jike hutaga mayai ndani ya punje, na mchele unaweza kufika nyumbani ukiwa tayari unayo. Kwenye nyuzi joto 30 hivi, yai huwa fukusi kamili kwa takriban mwezi mmoja. Mwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri auweke mchele mpya humo wiki moja, kisha autoe na kuuacha mpaka baridi yake iishe kabla ya kufungua mfuko, la sivyo mvuke wa hewa utagandia kwenye punje na kuzilowesha.

Katika kupunguza, mimi hutoa kila kitu mezani na kuuliza swali moja tu: hiki kitakwisha kabla ya msimu ujao? Kisichokwisha, na bado ni kizima, kigawiwe sasa hivi. Maharage ya zamani yatangulie sufuriani, kwani yakikaa sana kwenye joto na unyevu huwa magumu na kumaliza kuni au gesi bila kuiva. Na tafadhali, tuache kumimina unga mpya juu ya wa zamani. Chombo kimalizwe, kioshwe, kikauke kabisa ndipo kijazwe.

Kopo lililovimba lisibishaniwe. Liende kwenye taka bila kufunguliwa wala kuonjwa, hata kama tarehe yake bado.