Nimelipia kitabu ambacho hakijaandikwa, kimechelewa na sasa kimebadilishwa: nini haki yangu?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullah, Sheikh. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Mwanza, nina kibanda Makoroboi. Mwaka 2022 niliona mtandaoni mwandishi mmoja wa Uingereza akichangisha fedha za kuchapisha kitabu cha historia ya kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980: Sinclair ZX Spectrum, BBC Micro, Commodore 64 na nyinginezo. Kilichotuvutia ni ahadi ya sura nzima ya namna kompyuta zilivyoingia Afrika Mashariki, pamoja na Tanzania ambako serikali ilipiga marufuku kuziingiza mwaka 1974. Jalada gumu, picha za rangi, kurasa 400, kitufikie Desemba 2023. Tulikuwa watu wanne, lakini mwenye kadi inayokubali malipo ya nje ni mimi peke yangu, kwa hiyo wenzangu walinitumia kwa simu nami nikawalipia. Kila mmoja alitoa kama shilingi 140,000 pamoja na gharama ya posta.

Hadi leo hatujaona kitabu. Mara anaumwa, mara bei ya karatasi imepanda, mara amebadilisha mchapaji. Juzi ametuandikia kwamba jalada litakuwa jepesi, sura ya Afrika Mashariki imetolewa na itaingia juzuu ya pili ambayo tutailipia upya, na asiyejibu ndani ya siku 14 atahesabiwa amekubali. Huku nyuma ameshaanza kuchangisha kitabu kingine. Mwenzetu mmoja amefariki. Waliobaki wananidai mimi, tukitoka tu msikitini wananishika mkono. Naomba kujua: ile fedha ni sadaka au ni bei? Naweza kudai nirudishiwe? Nikimlalamikia hadharani nitakuwa nimesengenya? Wenzangu nawajibika kuwalipa? Na zaka yake ikoje?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w).

Nitaanza na wenzako, maana mwandishi yuko mbali lakini hao unasimama nao safu moja. Walipokutumia fedha ili uwalipie, walikufanya wakala wao. Wakala ni mwaminifu: mali iliyo mkononi mwake ni amana, na ikipotea bila uzembe wala kuvuka mipaka yake, halipi. Wewe uliifikisha fedha palepale walipotaka ifike, kwa mtu waliyemchagua kwa macho yao. Huna deni kwao. Waoneshe risiti ya malipo, wasome wenyewe tarehe na kiasi. Ila nakuuliza mambo mawili, ujijibu moyoni. Je, katika kubadilisha shilingi kuwa pauni ulijiwekea cha juu bila kuwaambia? Kama ndiyo, hicho warudishie, si chako. Na je, uliwaambia “toeni tu, kisipokuja nitawalipa mimi”? Kama ulitamka hivyo, njoo na maneno yenyewe kama yalivyokuwa, kwa sababu hapo tunaingia mlango wa dhamana nao una masharti yake.

Sasa ile fedha yenyewe. Watu wanasema “kuchangia”, na neno hilo ndilo linalowachanganya wengi wakadhani wametoa sadaka. Sisi katika muamala tunatazama makusudio na kilichoandikwa. Mtu akitoa fedha bila kuahidiwa chochote, hiyo ni hiba (zawadi) au sadaka, na kuirudia ni jambo ambalo Mtume (s.a.w) alilikemea kwa maneno makali. Lakini wewe uliambiwa: toa kiasi hiki upate kitabu cha sifa hizi kwa tarehe hii. Hiyo ni bei ya kitu kilichoelezwa sifa zake, kilicho katika dhima ya muuzaji, yaani deni analowajibika kulitimiza. Kama ulitoa zaidi ya bei ya kitabu kwa nia ya kumsaidia, ile ziada pekee ndiyo hiba, usiidai. Hata Kickstarter, mtandao mkubwa wa namna hii ulioanza mwaka 2009, ambao wenyewe husema wao si duka, unamlazimisha mwenye mradi kwa masharti yake kuukamilisha na kutoa alichoahidi. Akishindwa, aeleze fedha zimetumikaje na arudishe zilizobaki.

Kulipia kitu kabla hakijapatikana si jambo geni katika dini yetu. Ibn Abbas (r.a) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda kabla kwa mwaka, miwili, hata mitatu. Hakuwazuia. Aliwaambia anayelipa mbele alipe kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Muamala huu huitwa salam.

Kweli ni kwamba ukishika madhehebu yetu ya Shafi kwa ukali, kitabu ambacho hakijaandikwa kinaingia kwenye salam kwa taabu, kwa kuwa kilichomo ndani bado ni gharar, yaani jambo lisilojulikana. Kwa msimamo huo mkataba wenu haukusihi tangu mwanzo na fedha irudi. Mimi siuendi mkondo huo. Wanazuoni wa Hanafi wana mlango wa istisnaa, yaani kuagiza kitu kitengenezwe, na Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la kimataifa la wanazuoni, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992 ilipitisha kwamba istisnaa ni mkataba unaowafunga wote wawili, mradi aina, sifa, kiasi na muda viwe vimebainishwa. Kwako vilibainishwa. Idadi ya kurasa inahesabika, jalada linashikika, sura ipo au haipo. Kisichopimika ni uzuri wa maneno. Kwa hiyo kitabu kikija kwa sifa zake zote, ukakisoma ukaona mwandishi ni mkavu, huna la kudai.

Na mwandishi kutokuwa Mwislamu hakubadilishi kitu, si kwa haki yako wala kwa haki yake. Mtume (s.a.w) alifariki hali deraya yake iko rehani kwa Myahudi kwa ajili ya shayiri. “Enyi mlioamini, timizeni mikataba” (5:1) haikubagua mnafunga mkataba na nani.

Wapo watakaokwambia umepoteza fedha kwenye upuuzi. Usiwasikilize. Al-Khwarizmi, ambaye kila fundi wa kompyuta anakula kwa jasho lake, aliandika kitabu chake cha aljebra mjini Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni hesabu za mirathi na wasia. Kujua vyombo hivi vimetoka wapi ni elimu, na mtu wa Mwanza kutaka kujua kwa nini nchi yake iliwahi kuvifungia mlango ni haki yake kabisa.

Turudi kwenye kuchelewa. Hapa watu hukosea pande zote mbili. Kuchelewa peke yake si wizi, na anayelipia kitabu kwa njia hii anajua, au anapaswa kujua, kwamba tarehe huteleza. Ethan Mollick wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliyechunguza miradi ya Kickstarter, alionesha katika utafiti wa mwaka 2014 kwamba zaidi ya robo tatu ya bidhaa zilizoahidiwa zilichelewa. Mwaka uliofuata, baada ya kuuliza waliochangia karibu 50,000, aliona miradi 9 katika kila 100 haikutimiza ahadi yake. Kwa hiyo wengi huchelewa na wachache ndio hupotea moja kwa moja. Kama mtu ameugua kweli, au karatasi imempandia, Allah anasema mwenye shida apewe muda mpaka afarijike, na mkimsamehe ni bora kwenu (2:280). Kusubiri ni fadhila yako.

Lakini fadhila haifuti haki. Muda ulipofika Desemba 2023 na kitabu hakipo, ulipata khiyari: kusubiri au kuvunja mkataba na kudai fedha yako. Na kwa kauli iliyo sahihi zaidi kwa Mashafi, kusubiri kwako hakukuondolei khiyari hiyo. Uliyemvumilia miaka hii unaweza leo kumwambia basi. Ukidai, dai pauni ulizolipa, si zaidi. Usimwambie “umenikalia na hela miaka, niongeze”, maana nyongeza ya kuchelewesha deni ni riba. Wala usihesabu shilingi imeshuka au imepanda. Deni hulipwa kwa mfano wake.

Kuanzisha mchango mwingine kabla ya kutimiza wa kwanza ndiko kunakonikera, na sitalificha hilo. Mtume (s.a.w) amesema mwenye uwezo kuchelewesha kulipa ni dhuluma. Mtu aliyewaandikia kwamba hana nguvu ya kumaliza kitabu kimoja anapata wapi nguvu ya kutangaza cha pili? Kama fedha mpya inatumika kumalizia ahadi ya zamani, basi wale wapya wamelipia kitabu chenu bila kujua, nao pia wamedhulumiwa. Pamoja na hayo sisi hatujaona vitabu vyake vya hesabu. Tunachokiona ni kwamba udhuru wake umepungua uzito.

Ama kubadilisha, hilo ni zito kuliko kuchelewa, na nashangaa watu hulalamikia tarehe zaidi. Nenda kwa mafundi wa mitumbwi ufukweni kwetu. Umeagiza mtumbwi wa futi 30, mbao za mninga, uwahi giza la mwezi ujao uingie dagaa. Fundi akikuletea baada ya giza mbili, utanuna, lakini mtumbwi ni uleule, utaushusha majini. Akikuletea wa futi 22, mbao nyepesi, kisha akakwambia futi nane zilizobaki utazilipia mwakani, kuna mvuvi atakayesema huu ni ucheleweshaji? Huyu ameuza kitu kingine. Jalada jepesi badala ya gumu ni upungufu wa sifa: ukiridhia ni sawa, usiporidhia halikulazimu. Sura ya Afrika Mashariki ndiyo iliyokufanya utoe fedha, na kuiondoa kisha kuiuza tena ni kukuuzia ulichokwisha kukinunua. Angeongeza kurasa au kuboresha karatasi kwa gharama yake ningekwambia pokea, maana aliyeletewa bora kuliko alichoagiza, katika aina ileile, hana sababu ya kukataa.

Na hilo la siku 14? Imam Shafi ana kanuni mashuhuri: hainasibishwi kauli kwa aliyenyamaza, yaani aliyekaa kimya hahesabiwi amesema. Masharti ya mwanzo mliyaridhia nyote wawili. Mmoja hawezi kuamka asubuhi akaandika mengine peke yake na kuuita ukimya wako sahihi. Hata hivyo usinyamaze. Jibu, ili kesho pasiwe na la kubishania.

Kulalamika hadharani: Allah hapendi kutangaza maneno mabaya isipokuwa kwa aliyedhulumiwa (4:148). Imepokewa pia kwamba mwenye uwezo akichelewesha kulipa, inahalalika heshima yake kuguswa, na Sufyan, mwanazuoni wa hadithi wa zama za mwanzo, amefafanua kwamba maana yake ni kusema “amenichelewesha”. Imam Nawawi amehesabu kushitaki dhuluma na kuwatahadharisha watu kuwa miongoni mwa yanayoruhusiwa. Kwa hiyo andika: nililipa tarehe fulani, niliahidiwa hiki, nimeletewa taarifa hii, sijapata kitabu. Bandika na risiti. Ukifika hapo, simama. Ukimwita mwizi huku huna ushahidi wa nia yake, umetoka kwenye ruhusa. Ukiufanyia mzaha ugonjwa wake, au ukaingia kwenye genge la watu wanaomtukana mama yake usiku kucha, hapo wewe ndiye utakayedaiwa. Naona vijana wengi wanaanza na haki safi kisha wanaichafua kwa ulimi.

Marehemu mwenzenu, Allah amrehemu, haki yake haikufa. Ama kitabu ama fedha, ni sehemu ya mirathi. Usiamue wewe wala hao wawili kwamba “tumsamehe mwandishi kwa niaba yake”. Mweleze mjane na watoto wakubwa, wao ndio waseme. Kama yupo mtoto mdogo katika warithi, fungu lake halisamehewi na mtu.

Zaka ni jambo jepesi hapa. Unachodai kwa sasa ni kitabu cha kusoma, si fedha wala bidhaa ya biashara, basi hakuna zaka. Ukivunja mkataba ukarudishiwa fedha, ichanganye na akiba yako nyingine na uitolee kama nisabu (kiwango cha chini cha mali kinachowajibisha zaka) imetimia na mwaka umepita.

La kufanya wiki hii: kaa na wenzako wawili na mtu wa familia ya marehemu, kila mmoja achague lake, kwa sababu hamlazimiki kuwa na kauli moja. Anayeweza kusubiri akubali kwa maandishi, ataje tarehe ya mwisho na aseme kwamba hataki juzuu ya pili ya kulipia. Asiyeweza aandike hivi: “Sijakubali mabadiliko. Kitabu nilicholipia ni cha jalada gumu chenye sura ya Afrika Mashariki. Kama huwezi kukitoa, nirudishie nilicholipa kupitia kadi ileile.” Mtumie mwandishi, na nakala uipeleke kwa wenye mtandao uliopitishia fedha. Fedha itakayorudi itaingia kwenye kadi yako wewe, na siku hiyohiyo amana inaanza upya: igawe kabla hujaitumia hata kwa nauli ya daladala.

Wallahu a'lam.