Mkutano Addis Ababa: ukipata mchana mmoja, anzia Arat Kilo

Mkuu, umesema unakwenda Addis kwenye mkutano, ratiba imebana, umebakiwa na mchana mmoja na jioni mbili, na waandaaji wamekupendekezea gari la watalii la kukupandisha mlima Entoto kisha kukushusha soko la Mercato. Mimi mji ule naujua kwa kazi hizihizi za warsha, na hilo gari ningeliacha. Foleni itakula mchana wote na utarudi na picha za mikaratusi. Historia ya Addis imejipanga kwenye barabara moja ya kutembea kwa miguu, kutoka Arat Kilo kupanda hadi Sidist Kilo.

Kwanza kuhusu saa, maana hapo ndipo wajumbe wengi wanapopotezana na madereva. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi: jua likichomoza ni saa kumi na mbili, inayofuata ni saa moja. Dereva akikuahidi kwa Kiingereza kwamba atafika “two o'clock”, ichukue kama saa mbili ya Kiswahili. Wenzetu wa Afrika Magharibi na wazungu ndio utawakuta mapokezi na mabegi yao, wakisubiri gari lililokwisha kuja na kuondoka. Kalenda nayo ni ya kwao, iko nyuma ya hii yetu kwa miaka 7 au 8. Ukipewa risiti ya kuandikwa kwa mkono, omba waweke na tarehe ya kizungu, la sivyo mhasibu wako atakusumbua kwenye marejesho ya safari.

Haya, barabara. Shuka Arat Kilo penye mnara wa ushindi wa 1941, mwaka Waitalia walipofurushwa. Karibu na hapo kuna Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu, ambamo Haile Selassie na mkewe Menen wamelazwa kwenye makaburi ya mawe. Mfalme alifariki 1975 mikononi mwa Derg, utawala wa wanajeshi waliompindua, akazikwa hapo kwa heshima mwaka 2000 tu. Uliza kwanza kama kanisa liko wazi, usije ukazunguka bure.

Panda kidogo ufike Makumbusho ya Taifa. Watu wote wanakimbilia chini kumwona Lucy, ambaye wenyewe wanamwita Dinknesh, mifupa ya zamadamu ya miaka milioni 3.2 iliyopatikana Hadar tarehe 24 Novemba 1974. Inayoonyeshwa kwa kawaida ni nakala, mifupa halisi imehifadhiwa. Ana kimo cha mtoto mdogo tu, mita moja na kidogo. Ukiwa Mtanzania simama hapo kwa kujidai: taya lililotumika kuitambulisha rasmi spishi ya Lucy lilitoka Laetoli, kwetu, pembeni ya Ngorongoro. Waongozaji huwa hawalitaji hilo, basi watajie wewe.

Ila pa kupoteza muda hasa ni Sidist Kilo, ndani ya Chuo Kikuu cha Addis Ababa. Getini watataka kitambulisho, kwa hiyo beba pasipoti. Jengo la makumbusho ya Taasisi ya Taaluma za Ethiopia lilikuwa ikulu ya Haile Selassie, na sijui nyumba nyingine mjini pale iliyoshuhudia mambo kama ile. Februari 1937 vijana walimrushia Graziani, gavana wa Kiitaliano, mabomu ya mkono hapohapo kwenye viwanja vyake. Akajeruhiwa, na Waitalia wakaua watu mjini kwa siku tatu. Mnara wa kuwakumbuka umesimama nje, kwenye mzunguko wa Sidist Kilo. Desemba 1960 mfalme akiwa ziarani Brazil, walinzi wake wakajaribu kumpindua, na jaribio lilipokuwa linashindikana wakawamiminia risasi mawaziri na wakubwa waliokuwa wamewashikilia ndani ya jumba hilo. Aliporudi hakutaka tena kukaa pale, akawapa chuo.

Chumba chake cha kulala kipo, na bafu lake pia. Ni vyumba vya kawaida kuliko unavyotarajia kwa mtu aliyeitwa Mfalme wa Wafalme. Halafu ukitoka mbele ya jengo, tazama ngazi ya zege iliyosimama peke yake uwanjani, haielekei kokote. Waliijenga Waitalia, kila kidato mwaka mmoja wa utawala wa Mussolini tangu 1922. Walipoondoka Waethiopia hawakuibomoa. Wamemweka simba wa Yuda, nembo ya wafalme wao, mdogo tu, juu ya kidato cha mwisho. Kwangu mimi hiyo ndiyo sanamu bora ya Addis nzima, na wageni wengi wanaipita wakidhani ni mabaki ya ujenzi.

Kama mkutano wenu uko Umoja wa Afrika, hapohapo pia pana mambo. Jengo refu lililojengwa na China lilizinduliwa 2012, na sanamu ya Mwalimu Nyerere ilizinduliwa Februari 2024 karibu na jengo la Amani na Usalama lenye jina lake. Picha utapiga, najua. Lakini jua pia unakanyaga kiwanja cha gereza kuu la zamani, lililobomolewa 2007. Usiku wa tarehe 23 Novemba 1974 Derg iliwapiga risasi humo maofisa 60, wengi wao watu wa serikali ya mfalme. Angalia tarehe hiyo vizuri: kesho yake ndipo Lucy alipopatikana kule Hadar.

Ukiwa na moyo, jengo la kumbukumbu ya wahanga wa Ugaidi Mwekundu, yale mauaji ya Derg dhidi ya wapinzani wake miaka ya 1970, liko pale uwanja wa Meskel. Kuna picha za watu ukutani mpaka juu, na makabati ya vioo yenye mafuvu na nguo walizofukuliwa nazo. Saa moja inatosha. Usilipange kabla ya chakula cha jioni na wafadhili.

Jioni ya kwanza kula shiro, mchuzi mzito wa unga wa jamii ya kunde, na injera, ile chapati yao laini ya chachu, na kama ni Jumatano au Ijumaa agiza sahani ya mfungo, maana siku hizo waumini wa Orthodox hawali nyama na wapishi wanaweka bidii yote kwenye dengu na mboga. Kahawa usiinywe hotelini. Tafuta kibanda ambacho mama amekaa kwenye kigoda, nyasi mbichi zimetandazwa sakafuni. Atazikaanga buni mbele yako, atakuletea kikaango chenyewe kinachofuka uvutie moshi puani, kisha ndiyo atwange na kuchemsha kwenye jebena, birika lao la udongo. Unapewa na bisi. Vinamiminwa vikombe vya duru tatu, na kuondoka baada ya cha kwanza ni utovu wa adabu, kwa hiyo usiende ukiwa na haraka. Kama usingizi wako ni mwepesi, nenda saa kumi, si saa mbili usiku.

Mji uko juu, zaidi ya mita 2,300, hivyo siku ya kwanza utahema kwenye kile kilima cha Sidist Kilo hata kama Dar unakimbia kila asubuhi. Beba sweta, baridi ya usiku ni ya kweli hata Februari. Ikulu na majengo ya serikali usiyapige picha.

Mercato? Ni kubwa kweli, ila bila mwenyeji utazunguka tu huku umeshikilia mfuko. Kama shida yako ni zawadi ya kahawa, nenda mtaa wa Piassa: utanunua, halafu hatua chache tu kuna Kanisa la Mtakatifu George na makumbusho mapya ya Adwa, vita ya 1896 ambayo Waethiopia waliwashinda Waitalia, yaliyofunguliwa 2024. Hayo yawekee jioni ya pili, ila uliza saa ya kufunga, na uulize kama ni saa yao au ya kizungu.