Kabla Hujasaini Mtoto Aache Fizikia

Nina steshenari Kihonda, Morogoro, hatua chache kutoka geti la shule ya sekondari. Fotokopi, kuprinti, laminesheni, vocha za simu, na msimu ukifika, maombi ya vyuo na mikopo. Mbele ya kompyuta yangu kuna kiti cha plastiki cha bluu ambacho kimekaliwa na watoto wengi sana, wazazi wao wakiwa wamesimama nyuma yangu wananihemea shingoni. Mengi ya haya ninayoandika nimeyaona kwenye kile kiti. Moja nililifanya mwenyewe, na ndilo nitakaloanza nalo.

Mwaka 2016 mwanangu wa kwanza aliingia kidato cha tatu. Jioni moja akaja jikoni na karatasi. "Mama, saini hapa." Nilikuwa nakaanga dagaa. Nikamuuliza ni ya nini. "Tunachagua masomo. Mimi naacha fizikia, kemia na biolojia nabaki nazo." Kwa nini uache? "Ngumu, halafu mwalimu mwenyewe haonekani. Darasa zima tunaacha."

Nikafuta mafuta mkononi na kanga, nikasaini, nikarudi kwa dagaa wangu wasiungue.

Alimaliza kidato cha nne 2017. Matokeo yalipotoka Januari hayakuwa mabaya: daraja la tatu, C ya kemia, C ya biolojia. Akasema anataka utabibu, wale tuliozoea kuwaita madaktari kwenye zahanati zetu. Nikaona jambo jema, tena dukani kwangu, bure. Nikamkalisha kwenye kiti cha bluu, tukafungua sifa za kujiunga na stashahada. Ufaulu wa angalau D nne kwenye masomo yasiyo ya dini, na ndani yake kuwe na kemia, biolojia na fizikia. Nikasoma mara ya pili. Akasoma na yeye. Hakusema kitu. Akainuka akaanza kupanga rimu za karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa tangu asubuhi.

D ya kidato cha nne inaanzia alama 30. Siyo 70 wala 50. Alama 30 za fizikia ndizo zilizomweka mwanangu nje ya geti la chuo. Ilibidi arisiti, yaani arudie mtihani. Mwaka 2018 wote alikuwa anakwenda senta jioni, mchana ananisaidia dukani, na wenzake aliosoma nao wananiprintia, samahani, wanakuja kuprinti barua zao za kujiunga na chuo mbele ya macho yake. Akapata D yake, akaingia chuo 2019. Leo ni tabibu, anahudumia watu huko mkoani kwa watu, na ananitania kwamba fizikia aliyoitumia tangu aajiriwe ni ya kufungua jenereta. Lakini mwaka ule hakuna aliyemrudishia.

Kwa hiyo mtoto akikuletea ile karatasi, usisaini siku hiyo hiyo. Kwanza jua hili, maana wazazi wengi wakilisikia kwangu hushangaa: daraja la kidato cha nne linahesabiwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Mtoto mwenye masomo tisa akipata F ya fizikia, F hiyo inaweza isiguse daraja lake kabisa. Akipata D, amefungua milango. Sasa anaogopa nini? Najua jibu, anaogopa aibu ya kupata 12 kwenye jaribio, na anawafuata marafiki. Vyote viwili ni vitu vya kweli kwa mtoto wa miaka 15, usimcheke. Ila mwambie wazi kwamba humdai A. Unamdai 30. Nimeona watoto wakilegea mabega wakisikia hivyo. Mtoto anayejua kwamba hatafutiwi A anaweza kukaa na mada nne tano za fizikia akazielewa vizuri, na zikamtosha.

Simaanishi kila mtoto abebeshwe sayansi. Yuko anayejua anataka sheria au lugha, na masomo yake ya sanaa anayapenda mpaka anasoma gazeti lililofungia maandazi. Huyo mwache. Ninayemsema ni yule ukimuuliza unataka kuwa nani anakujibu "bado sijajua." Asiyejua aendako asifunge milango.

Vitabu vya mwongozo vya TCU, kwa ajili ya vyuo vikuu, na vya NACTVET, kwa ajili ya vyuo vya kati, hutolewa kila mwaka na vinapatikana bure mtandaoni. Ni virefu, na watu huvifungua mtoto akishamaliza shule, yaani kama kusoma ratiba ya basi ukiwa umeachwa stendi. Vifungue akiwa kidato cha pili. Chagua naye kozi tano hata za kubahatisha, muandike kwenye daftari kila moja inataka masomo gani. Nusu saa inatosha. Ukitaka nikuprintie zile kurasa tano, njoo. Usiniambie niprinti kitabu chote, utalipa hela bure.

Kuna binti mmoja wa hapa mtaani, simtaji, alikuja na mama yake baada ya matokeo ya kidato cha nne. Kwenye Selform, ile fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano, alikuwa amejaza CBG. Nikampongeza, nikauliza anataka kusomea nini. "Udaktari." Nikasimamisha mikono. CBG ni kemia, biolojia na jiografia. Shahada ya udaktari wa binadamu inataka fizikia, kemia na biolojia za kidato cha sita. Binti alikuwa na B ya fizikia! Kwa nini ukaandika CBG? "Jiografia naipenda, na rafiki yangu aliandika CBG." Mama yake, ambaye anauza mkaa na hajawahi kusikia herufi hizo, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa mwanangu, hizo herufi zinabadilishika?" Zinabadilishika. Baada ya matokeo serikali hufungua dirisha la kubadilisha machaguo kwa muda, na sisi tulikuwa tumebakiwa na siku chache. Tukaweka PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia. CBG yenyewe ni tahasusi nzuri tu, yaani kundi la masomo ya kidato cha tano na sita, na SUA, chuo kikuu cha kilimo hapa kwetu, imejaa watu waliopita humo wakaenda kilimo na mazingira. Tatizo ni kuingia humo ukidhani unakwenda Muhimbili kusomea udaktari.

Siku hizi machaguo yameongezeka zaidi. Mwaka 2024 tahasusi zilitoka 16 zikafika 65, na mwaka huo huo mkondo wa amali, yaani wa ufundi, ukaanza kidato cha kwanza kwenye shule zilizoteuliwa. Ni jambo la heri, lakini mtoto anazidi kuchagua mapema, na wewe mzazi ukisema "mimi sikusoma, mwalimu anajua", kumbuka mwalimu huyo ana wanafunzi mia kadhaa.

Sasa ile miezi saba. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, kidato cha tano kinafunguliwa Julai. Kwa wengi wetu hiyo ni miezi ya kulala mpaka saa nne, kuangalia tamthilia na kutumwa dukani. Wenye uwezo wanawapeleka watoto "prifomu", masomo ya kujiandaa na kidato cha tano, sina ugomvi nao. Mimi wa pili nilimpeleka kwa fundi.

Huyu ni wa kike, na ndoto yake ilikuwa benki. Nilimuuliza benki kufanya nini, akasema tu benki. Nikamchimba taratibu, mwisho akacheka akakiri: "Mama, kule kuna AC." Na kweli Morogoro ya Januari unaijua. Nikasema haya, kama ni AC, mtaa wa pili kuna fundi wa friji na viyoyozi, kakae naye mwezi mmoja huku tunasubiri matokeo. Nilitaka tu atoke kitandani.

Wiki ya kwanza kazi yake ilikuwa kuosha vichujio. Anatoa kichujio cha kiyoyozi, anakikung'uta, anakiosha, anakianika, anakirudisha, anaandika tarehe kwenye daftari la fundi. Akarudi nyumbani na vumbi puani, amenuna. Wiki ya pili fundi akamfundisha kusikiliza kompresa. Nilipita pale siku moja nikamkuta amechutama nyuma ya friji ya soda, sikio karibu na bati, amefumba macho. Kompresa inanguruma, inahangaika, kisha "tak", inakata. Baada ya muda inajaribu tena, "tak". Akaniambia bila kugeuka, "Hii haijafa, Mama. Ni kifaa cha kuiwashia hiki hapa." Fundi akabadilisha kidude chenyewe, kidogo kama kiberiti, friji ikawaka. Usiku ule alikula anaongea peke yake mpaka baba yake akapunguza sauti ya redio.

Matokeo yalimpa nafasi ya kidato cha tano. Hakuitaka. Akataka VETA, chuo cha ufundi, Chang'ombe kule Dar, fani ya friji na viyoyozi. Shemeji yangu, kaka wa mume wangu, alinipigia simu: "Shemeji, mtoto kafaulu, unampeleka kwenye mafriji? Tena mtoto wa kike?" Nikamjibu shemeji, yeye ndiye atakayebeba hizo friji au ni wewe? Alikasirika kama mwezi hivi. Binti akasoma ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sasa hivi anazunguka na kampuni moja ya matengenezo ya viyoyozi, na wateja wao ni ofisi, mabenki yakiwemo. Kwa hiyo benki anaingia, na AC anaikuta.

Simpigii debe fundi friji. Ningempeleka duka la dawa, au kwa mpima ardhi, au kwa mhasibu wa saccos, lengo lingekuwa lile lile, aione kazi ikiwa na jasho lake. Mtoto anayeona kazi kwenye runinga tu anaona nguo za watu. Na ukimpeleka, usimtafutie malipo. Mpe nauli na chakula, umwambie fundi amtume kama anavyowatuma wengine. Mwezi mmoja unatosha. Akikataa baada ya mwezi, umepata jibu kwa bei ya nauli, ambayo ni rahisi kuliko ada ya mwaka wa kwanza wa kozi asiyoipenda.

Hela nitaigusa kwa kifupi. Tangu 2016 sekondari hadi kidato cha nne haina ada kwenye shule za serikali, na 2022 ada ya kidato cha tano na sita nayo ikafutwa. Imetusaidia, ila imetusahaulisha. Mzazi anafika chuoni anakutana na ada, kodi ya chumba, kompyuta, vyote kwa mpigo. Weka kidogo kidogo tangu kidato cha kwanza, hata kwenye kikoba. Mikopo ipo, na kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kuwafikia hata baadhi ya wa stashahada, lakini mkopo unaombwa kwa makaratasi, na hapo ndipo ninapowaona watu wakilia kwenye kiti changu cha bluu. Kulia kwa machozi.

Kisa ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Asha Hamisi Omari. Cheti cha kidato cha nne kinasema Asha H. Omary. Alipoandikishwa darasa la kwanza bibi ndiye aliyempeleka, mwalimu akaandika alichosikia, jina likasafiri hivyo hivyo mpaka mtihani wa darasa la saba, likaingia sekondari, likachapwa kwenye cheti. Miaka yote hiyo hakuna aliyeweka karatasi mbili mezani akazilinganisha. Siku ya kuomba mkopo, cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa vyeti vya kuzaliwa na vifo, na mfumo haujui kwamba Omari na Omary ni mtu mmoja. Hapo unaanza kukimbizana na wakili kwa kiapo cha majina, siku za dirisha zinahesabika, na bado fomu inasubiri mdhamini na mhuri wa serikali ya mtaa, na mwenyekiti kasafiri.

Yatima wanaumia zaidi. Cheti cha kifo cha mzazi nacho kinahakikiwa, na familia nyingi hazikuwahi kukichukua, maana mtu alizikwa kijijini na msiba ukaishia kwenye matanga. Kama unalea mtoto wa ndugu aliyefariki, hicho cheti kifuatilie mwaka huu, hata kama mtoto yuko kidato cha kwanza. Na akifikisha miaka 18 apelekwe NIDA kwa ajili ya kitambulisho cha taifa wiki hiyo hiyo, asingoje mpaka aulizwe namba.

Mimi wa mwisho bado yuko sekondari. Nimemnunulia faili moja la plastiki, lile la vifungo, ndani mna cheti chake cha kuzaliwa halisi na kopi tatu, cheti cha darasa la saba, na kile kidaftari cha kozi tano. Faili linakaa kabatini kwangu, halikai kwake. Jina lake tulilikagua herufi kwa herufi kabla hajaandikishwa mtihani wa darasa la saba, na tukakuta kosa moja, wameandika Z mahali pa S. Lilirekebishwa shuleni siku hiyo hiyo, kwa kalamu, bila shilingi.

Msimu wa maombi mimi nafungua saa mbili asubuhi. Jioni mtandao unalemewa na watu wote wa nchi hii, kwa hiyo wahini. Njooni na mtoto mwenyewe, kwa sababu kuna maswali siwezi kumjibia, na njooni na cheti cha kuzaliwa chenyewe, siyo picha yake iliyopigwa gizani kwenye simu ya mjomba.