Mama anauliza kama tunamtupa

SWALI

Shangazi, shikamoo. Mama yangu ana miaka 79. Miezi mitano iliyopita alianguka usiku akienda msalani, akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji na sasa anatembea kwa fremu, lakini si yule wa zamani. Anaacha jiko likiwaka, na juzi aliniita kwa jina la dada yake marehemu. Mimi ndiye ninayeishi naye, na kutwa niko kazini. Kaka yangu, anayekaa mbali, anataka tumpeleke makao ya wazee. Dada anasema hiyo ni aibu, tutafute msichana wa kukaa naye. Mama alitusikia tukibishana, akaniuliza, "Kwa hiyo mnanitupa?" Nilikosa la kusema. Nimsikilize nani?

Kitinda Mimba

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kwa sasa usimsikilize hata mmoja. Kaka yako yuko mbali na harufu ya shuka zilizolowa, dada yako anawaza watu watasema nini, na mama hakuna aliyemuuliza. Nimekuwa muuguzi wa wodi miaka 28. Familia nyingi nilizoziona zilianza kugombania mahali kabla ya kujua mzee anahitaji nini.

Anza na daktari. Mzee anayechanganyikiwa ghafla baada ya kulazwa huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo, au amepungukiwa maji, au dawa mbili zinapigana mwilini. Yote hayo yanatibika. Tia dawa zake zote kwenye mfuko, hata za dukani, uende nazo. Mwambie daktari kusahau kulianza lini, kabla ya kuanguka au baada, maana jibu hilo lina uzito.

Halafu chukua daftari. Kwa siku saba andika kila mara mama alipohitaji mkono wa mtu, na saa yenyewe. Wauguzi tuna orodha ya mambo 6, iliyochapishwa mwaka 1963 na daktari Sidney Katz na wenzake: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kula. Kupika, kufua na kulipa bili kunaweza kungoja mpaka urudi kutoka kazini. Haja ndogo haingoji.

Ukifika kwenye kurasa za usiku, soma taratibu. Akiamka mara moja, mnaweza kumweka nyumbani: kiti cha choo kando ya kitanda, taa isiyozimwa, vyuma vya kushikia bafuni, zulia liondolewe, kengele mkononi, na mhudumu wa mchana wakati uko kazini. Akiamka mara nne na kuzunguka nyumba akitafuta mlango, hiyo si kazi ya mtu mmoja. Muulize dada yako: huyo msichana atalala saa ngapi? Swali hilo huwa linanyamazisha kikao.

Na kaka naye asiseme "makao" kana kwamba ni kitu kimoja. Kuna makazi ambako mzee ana chumba chake, anasaidiwa kuoga na chakula tu. Kuna makao yenye wauguzi usiku na mchana, ya mtu anayehitaji kugeuzwa kitandani kila baada ya saa chache asitoke vidonda. Kuna vituo vya mchana, anapelekwa asubuhi na kurudi jioni. Na baadhi ya makao humpokea mzee kwa wiki mbili tu ili anayemlea apumue. Ningekuwa wewe ningeanzia hapo, hata kabla ya kuamua lolote.

Nakwambia kwa sababu mimi sikuanzia hapo. Nilimlea baba yangu nyumbani miaka minne, na muuguzi mzima nikaona haya kuomba msaada. Usiku mmoja, mara ya tano kumrudisha kitandani, nilimshika kifundo cha mkono kwa nguvu. Asubuhi alama za vidole vyangu zilikuwepo, vyote vinne na gumba. Yeye hakukumbuka. Shirika la Afya Duniani linasema mzee 1 kati ya 6 hutendewa vibaya katika jamii, na katika makao wahudumu 2 kati ya 3 walikiri wenyewe kumtendea mzee vibaya ndani ya mwaka mmoja. Basi asikudanganye mtu kwamba nyumbani ni salama kwa sababu ni nyumbani, wala makao kwa sababu yana sare na ratiba. Mtu aliyechoka ni hatari popote alipo.

Swali la mama mjibu, na usikimbilie "hapana". Muulize anaogopa kupoteza nini. Baba yangu, nilipomuuliza hatimaye, hakutaja nyumba. Alitaka redio yake, na alitaka asiogeshwe na mwanamke. Hayo mawili ndiyo niliyokwenda kuyauliza kila mlangoni, na makao ya kwanza yalishindwa la pili.

Mkienda kuangalia, nenda na mama. Msitazame maua ya mapokezi. Tazama kama kikombe cha maji kiko mahali mkono wa mzee unafika. Hesabu kengele inalia dakika ngapi kabla mtu hajaja. Uliza ada haijumuishi nini, hasa nepi, dawa na usafiri wa hospitali, na uandikiwe. Uliza usiku wanabaki wahudumu wangapi kwa wazee wangapi. Kisha rudi peke yako siku nyingine bila kupiga simu, saa moja jioni, wakati wanalazwa.