Kwa mwenye godauni la pamba Shinyanga, usivunje kwanza

Mkuu umeuliza hilo jineri (kiwanda cha kuchambua pamba) la zamani mlilorithi mlivunje muuze skrepa au lina kazi nyingine, na naona wengi hapa wameshakwambia vunja. Mimi nakuomba usubiri.

Naishi Duisburg, Ujerumani, miaka mingi sasa, na huku kuna kiwanda cha chuma kilianzishwa 1901 kikafungwa 1985. Mpango ulikuwa kubomoa, wananchi wakakataa, wakaungana kukitetea. Leo ni bustani ya wote, inaitwa Landschaftspark, hekta kama 180 na kuingia ni bure. Ndugu wakija kunitembelea ndo nawapeleka huko kwanza, tunapanda tanuru namba 5, lile la kuyeyushia chuma, mpaka juu kabisa mji wote unauona. Lile tangi la gesi wamelijaza maji, watu wanajifunza kupiga mbizi humo, kina kama mita 13. Kuta nene za mabohari ya mawe ya chuma ndo watu wanafanyia mazoezi ya kupanda milima, na jumba la mashine zilizokuwa zinapuliza hewa kwenye tanuru ni ukumbi wa maonyesho.

Kinachonigusa ni jinsi msanifu aliyebuni bustani hiyo, Peter Latz, alivyofanya. Hakupaka rangi kila kitu kionekane kipya, kutu ameiacha, akaangalia tu kila sehemu tayari inafaa nini, palipo na kina weka maji, penye ukuta mnene watu wapande. Ndo maana nasema godauni lako uliangalie hivyo hivyo. Una paa la juu, nafasi pana, lori linaingia mpaka mlangoni, kujenga kitu kama hicho leo ni hela nyingi mno. Linaweza kuwa stoo ya mazao, karakana ya vijana wa kuchomelea, hata ukumbi, na sio lazima ulifungue lote, anza na upande mmoja ulipe gharama za upande wa pili.

Ila paa kwanza, kabla ya rangi, kabla ya milango, maana maji yakishaingia mbao zinaoza na kuta zinafuata. Na kama paa ni la asbestosi, yale ya zamani ya saruji yenye nyuzi, tafadhali msiwape vijana nyundo, lile vumbi linaua mapafu taratibu, tafuta watu wenye utaalamu na vibali. Udongo nao upime, hasa pale dawa za pamba zilipokuwa zinawekwa. Huku Duisburg udongo mwingine ulikuwa na sumu mpaka wakaufungia ndani ya mabohari, so usiweke uwanja wa watoto kabla hujapata majibu ya maabara.

Mashine bakiza hata moja, na kabla wa skrepa hawajaja ongea na wazee waliofanya kazi hapo, wanajua mfereji wa maji unapita wapi na nyaya zimefukiwa wapi.

Tupia picha za paa kwa ndani na zile nguzo, na useme kama umeme wa fezi tatu, ule wa mashine kubwa, bado upo, hapo tutakushauri vizuri.